Chikungunya Haikuandikwa Kwenye Faili

Faili la mgonjwa aliyelazwa lina sehemu ndogo ambayo daktari huijaza kabla hajajua mengi: ugonjwa unaoshukiwa. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia watu 870, wakubwa kwa watoto, waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Walichukua damu yao na kuipima kwa vipimo ambavyo wodi ya kawaida haiwezi kuviota. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Baadhi ya waliobaki walikuwa na bakteria kwenye damu, au leptospirosisi, homa ya Q, riketsia na bruselosi, magonjwa ambayo binadamu huyapata kwa panya, mbuzi, ng'ombe na kupe. Wengine 55 walikuwa na chikungunya. Katika mafaili yote hayo hakuna hata moja lililotaja chikungunya au mojawapo ya magonjwa hayo ya wanyama, hata kwa alama ya kuuliza.

Chikungunya si mgeni aliyeshuka kwa ndege. Jina lake ni la Kimakonde, na lilianza kuandikwa katika vitabu vya tiba kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 huko Newala. Dunia nzima, kuanzia Reunion hadi Brazili, huutaja ugonjwa huo kwa neno lililotoka kusini mwa Tanzania. Nusu karne baadaye, katika nchi hiyohiyo, daktari aliyesimama mbele ya mgonjwa wake hakulikumbuka. Ni rahisi kusema madaktari hawakusoma, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu walisoma. Kilichotokea, kwa maoni yangu, ni kwamba neno moja, malaria, lilipata heshima yake halali kwa msaada wa hadubini, kisha likaachwa litembee bila hadubini. Sababu za kuliacha zilikuwa njema wakati ule. Lakini neno hilo likazimeza homa nyingine zote.

Kabla ya hapo, watu wa pwani na bara walikuwa na majina kadhaa ya homa. Mkunguru ulikuwa homa ya mtu aliyehamia mahali papya, aliyekuwa bado hajazoea hewa na maji ya hapo. Leo tunajua kwamba mgeni asiye na kinga ndiye anayeangushwa na malaria vibaya kuliko mwenyeji, kwa hiyo neno hilo lilikuwa limeshika jambo la kweli hata kama halikujua mbu. Kidingapopo kiliingia Unguja kwa kishindo mwaka 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika jinsi ugonjwa ulivyowapiga watu ghafla kwa maumivu ya viungo, na jinsi wazee walivyolitambua jina lake mara moja kwa kuwa uliwahi kupita enzi za ujana wao. Neno hilo ndilo ambalo wataalamu wengi wanaamini limezaa jina la dengue, ingawa wapo wanaosoma maelezo ya Christie leo na kusema kilichopita Unguja mwaka ule kilikuwa chikungunya. Huko bara misafara iliogopa homa ya papasi, na wasafiri waliambiwa wasilale katika vibanda vikuukuu. Watafiti Dutton na Todd walithibitisha nchini Kongo kwamba papasi ndiye anayeieneza, na Dutton mwenyewe alikufa kwa homa hiyo Kasongo mwanzoni mwa 1905. Mwaka huohuo mtafiti Mjerumani Robert Koch alikuwa akiwapasua papasi wa njia za misafara za Afrika Mashariki ya Kijerumani na kuwakuta na vijidudu vile vile.

Nisieleweke kwamba wahenga walijua kila kitu. Degedege, kwa mfano, ni jina lililogharimu maisha. Mtoto aliyetetemeka na kugeuza macho alidhaniwa kupitiwa na kitu kisichohusiana na homa, na familia nyingi zilimpeleka kwa mganga kwanza, huku malaria kali ikiendelea kumla ubongo. Hata hivyo, majina yale yalikuwa mengi. Mwenye kuyatumia alilazimika kuuliza: amelala wapi, ametoka wapi, viungo vinamuuma au kichwa, wangapi nyumbani wanaugua namna hii? Maswali hayo ndiyo nusu ya utabibu.

Hadubini ilileta nusu ya pili. Laveran alikiona kimelea cha malaria mwaka 1880 huko Algeria, Ross akakikuta ndani ya mbu nchini India mwaka 1897, na mwaka huohuo Koch akafika Dar es Salaam kuchunguza damu za wagonjwa. Kuanzia 1901 Wajerumani waliendesha mjini humo kampeni chini ya Dk. Ollwig: wakazi walipimwa damu, na waliokutwa na vimelea walipewa kwinini. Kampeni ilikuwa ya kikoloni na ilitekelezwa kwa amri, lakini kanuni yake, kwamba malaria ni kile kilichoonekana, ilikuwa ngumu kuliko ile tuliyoifuata baadaye. Na kukiona si kazi ya mchezo. Tone la damu husambazwa kwenye kioo, kiasi cha ukubwa wa sarafu, huachwa likauke bila kupigwa na vumbi, hupakwa rangi ya Giemsa, huoshwa polepole. Kisha mtaalamu huinama juu ya lenzi yenye mafuta akihesabu vimelea hadi atimize chembe nyeupe 200. Rangi isiyochujwa huacha punje nyeusi, na punje hizo, kwa jicho lililochoka saa saba mchana, hufanana na kimelea.

Newala nayo ilikuwa na watu walioangalia kwa makini. Uwanda wa Makonde hauna maji ya karibu, kwa hiyo kila nyumba ilihifadhi maji ndani, katika mitungi. Mbu aina ya Aedes walizaliana humohumo, hatua chache kutoka kitandani. Watu waliamka wakiwa hawawezi kunyooka, nao wakauita ugonjwa kwa kile ulichowafanyia: unaokunja. Watafiti Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo yao mwaka 1955, na virusi vikatengwa maabara. Huo ulikuwa utambuzi wa hali ya juu, ulioanza na macho ya wenyeji na kumalizikia maabara.

Basi ilikuwaje tukaupoteza? Klorokwini. Tangu ilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, dawa hii ilikuwa rahisi, salama kiasi, na iliyafikia maduka ambako hadubini haikufika. Kama dawa inapatikana kwa bei ya peremende na mtoto anaweza kufa usiku huu, nani atasubiri kioo kikauke? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto walio chini ya miaka mitano, uliosambazwa tangu miaka ya 1990, ulisema wazi kwamba penye malaria nyingi, mtoto mwenye homa apewe dawa ya malaria. Hoja hii ina uzito, na anayeibeza leo amesahau jinsi wodi za watoto zilivyokuwa. Mahali ambapo watoto wengi wana vimelea, kukosea kwa kumtibu asiyeugua ni kosa dogo kuliko kumwacha anayeugua.

Lakini kanuni ile ilikuwa na mipaka, na mipaka ndiyo iliyosahaulika. Iliandikwa kwa ajili ya mtoto mdogo wa bonde lenye mbu, ikatumiwa kwa mtu mzima wa mji wenye baridi. Iliandikwa kwa malaria iliyoenea, ikaendelea hata malaria ilipopungua: Tanzania Bara, watoto waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 18 mwaka 2007 na 2008, wakafika takriban 7 mwaka 2017. Na iliandikwa kwa enzi ya klorokwini, dawa iliyozidiwa na usugu hata nchi ikaiacha 2001 na kuhamia dawa mseto mwishoni mwa 2006. Dawa mseto ilikuwa ghali zaidi na ya thamani zaidi, lakini ilimiminwa kwa mazoea yaleyale.

Gharama yake ilionekana waziwazi mwaka 2004, mtafiti Reyburn na wenzake walipochapisha matokeo ya hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa mahututi na wote walitibiwa kwa malaria. Waliokuwa na vimelea walikuwa 2,062, yaani asilimia 46. Kati ya hao, asilimia 6.9 walikufa. Kati ya wale wasio na vimelea, walikufa asilimia 12.1. Wasiokuwa na malaria walikufa zaidi, na takriban theluthi mbili ya waliopimwa hospitalini na kukutwa hawana kitu hawakupewa antibiotiki. Mtu anaweza kusema kwamba pengine hao walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo, na kweli ugonjwa unaoficha jina lake mara nyingi ni mbaya. Hilo haliondoi swali: jibu la maabara lilikuwa limeshafika, kwa nini halikusomwa?

Halikusomwa kwa sababu halikuaminiwa, na hapo daktari hastahili lawama yote. Uchunguzi wa zahanati na hospitali za Dar es Salaam kabla ya kipimo cha haraka kuenea uligundua kwamba asilimia 53 ya vioo vilisomwa kuwa na malaria, ilhali wabobezi walipovirudia wakaikuta katika asilimia 2 tu. Zile punje za rangi! Tabibu aliyezoea maabara ya namna hiyo alijifunza kwamba jibu la kioo halina maana, likija chanya au hasi. Ndipo watu wakazoea kusema malaria imejificha. Kipimo cha haraka chenye mistari miwili kilipojaribiwa kaskazini, zaidi kidogo ya nusu ya waliokutwa hawana malaria waliendelea kuandikiwa dawa yake. Mazoea ya kazi, wakubwa waliowafundisha, na mgonjwa anayesubiri dirishani dawa anayoijua, vyote vilimvuta tabibu upande mmoja.

Hatimaye kipimo kilishinda. Shirika la Afya Duniani lilitaka mwaka 2010 kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na Dar es Salaam, katika vituo vilivyoanza kutumia kipimo cha haraka, dawa za malaria zilipungua kutoka asilimia 75 ya wagonjwa wa homa hadi 20. Katika vituo hivyohivyo antibiotiki zilipanda kutoka asilimia 49 hadi 72. Hii ndiyo hoja nzito zaidi dhidi ya kusifu vipimo, kwamba tumebadilisha tu jina la mazoea. Mjini siku hizi homa isiyo malaria huitwa taifodi au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na taifodi hiyo mara nyingi imetangazwa na kipimo cha Widal, ambacho kimekuwepo tangu 1896 na hakiaminiki. Kumbe watoto 1,005 wenye homa walipopimwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara, malaria ilikuwa asilimia 10.5, UTI 5.9 na taifodi 3.7, huku maambukizi ya njia ya hewa yakiwa zaidi ya asilimia 60, mengi ya virusi visivyosikia antibiotiki yoyote.

Lakini hoja hiyo inathibitisha ninachosema kuliko kukipinga. Kipimo kinachojibu swali moja tu humwacha tabibu na nafasi tupu kwenye faili, na nafasi tupu hujazwa na jina lililo karibu. Wahudumu walipopewa njia ya kuuliza maswali mengi kwa mpangilio, mambo yalibadilika: katika vituo vya Mbeya na Morogoro vilivyotumia programu ya tableti inayomwongoza mhudumu swali kwa swali, watoto waliopewa antibiotiki walikuwa takriban 23 kwa 100, dhidi ya 70 katika vituo vingine. Na kwa anayesema kutaja homa ya Q au leptospirosisi ni anasa kwa zahanati isiyo na maabara, jibu ni kwamba magonjwa hayo mengi yanatibika kwa doksisaiklini, dawa ya bei nafuu iliyopo tayari kabatini. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza mgonjwa kama analala karibu na mbuzi wake.

Julai 2022 Wizara ya Afya ilipokea taarifa za ugonjwa usiojulikana Ruangwa, mkoani Lindi, jirani na uwanda ule wa Makonde. Wagonjwa walikuwa na homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa na damu puani. Walioripotiwa walikuwa 20, na watatu walifariki. Sampuli zilipimwa Ebola, Marburg na Korona, zote zikakosa, kabla leptospirosisi kuthibitishwa. Katika tangazo kwa umma ugonjwa ulipewa jina la Kiswahili ambalo wengi mjini walikuwa hawajawahi kulisikia: homa ya mgunda, yaani homa ya shamba.