Gemu ikichelewa, ile ya "bure" kwenye boksi inakuwaje?

Leo nijibu swali ambalo madogo wa kafe huniuliza wakiona boksi la kadi ya video lina picha ya gemu kubwa juu yake. Hiyo gemu ya bure inatoka wapi, na ikichelewa nani anaumia?

Mfano wangu ni Half-Life 2, maana mimi mwenyewe iliniuma hapa hapa Bagamoyo.

Mwaka 2003 kampuni ya Valve ilitangaza kwamba gemu hiyo itatoka tarehe 30 Septemba. ATI, waliokuwa wanatengeneza kadi za Radeon, wakakubaliana nao: ukinunua Radeon 9800 XT au 9600 XT, ndani ya boksi unakuta kuponi ya Half-Life 2. ATI wanapata sababu ya kukufanya uache kadi ya Nvidia, Valve wanapata matangazo na wateja wa uhakika. Safi kabisa.

Septemba ikafika, gemu hakuna. Oktoba ikajulikana kuwa mtu aliingia kwenye kompyuta za Valve, akaiba kodi ya gemu na ikasambaa mtandaoni. Half-Life 2 ilikuja kutoka tarehe 16 Novemba 2004. Zaidi ya mwaka mzima, jamani!

Sasa tazameni ATI walivyobanwa. Kadi haiwezi kusubiri gemu. Ikikaa stoo inazeeka, na mshindani naye hajalala. Ikabidi wauze kadi pamoja na ahadi. Mei 2004 wakatoa Radeon X800, yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo aliyenunua kadi ya kisasa ili aicheze gemu hiyo, alikuja kuicheza kwa kadi iliyokwisha pitwa, wakati angesubiri angeipata kwa bei nafuu.

Mimi nilikuwa nasimamia kafe ya mashine sita. Nikapanda basi hadi Kariakoo, nikaongeza hela juu ya bei ya kadi ya kawaida ili nipate 9600 XT yenye kuponi. Nikawatangazia vijana wa Dunda na Magomeni kwamba gemu inakuja. Wakauliza mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, mwisho wakaanza kunitania. Ilipotoka, kuponi ikataka uipakue kwa Steam, na sisi tulikuwa na laini ya simu. Piga hesabu: GB 4 kwa kilobaiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya siku 9 usiku na mchana, bila laini kukatika wala umeme kuzimika. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar mwaka 2009. Nikasalimu amri.

Msidhani ni mambo ya kale. Mwaka 2020 Microsoft waliuza Xbox One X ya toleo maalumu la Cyberpunk 2077. Mashine iliingia sokoni katikati ya mwaka, gemu ikasogezwa kutoka Aprili hadi Septemba, hadi Novemba, hadi 10 Desemba. Katikati hapo Xbox Series X ikawa imeshatoka, tarehe 10 Novemba. Mashine iliyopambwa kwa ajili ya gemu ikazeeka kabla ya gemu yenyewe!

Kwa hiyo ukiwa dukani, uliza kwanza kama ndani kuna diski au karatasi tu. Kama ni karatasi, angalia tarehe yake ya mwisho, na angalia boksi lisiwe limefunguliwa, maana namba ya kuponi hutumika mara moja tu na kwenye mtumba mara nyingi mwenzio keshaitumia. Halafu uliza bei ya kadi hiyo hiyo bila gemu. Hiyo tofauti ndiyo hela unayokopesha.

Ile kuponi yangu bado ninayo, imo kwenye boksi lake. Kadi yenyewe iliungua mwaka 2007.