Kabla ya Kufika kwa Henry Ford

Ukienda Detroit, usikimbilie jumba kubwa la makumbusho la Henry Ford kule Dearborn. Litakungoja. Anzia Piquette Avenue, kwenye kiwanda cha matofali cha 1904, ghorofa tatu tu. Pale juu, kwenye kona, palitengwa chumba cha siri, na humo ndimo Model T ilibuniwa kabla ya kutoka 1908. Enzi hizo gari lilisimama, mafundi ndio waliolizunguka.

Sasa panda kaskazini kidogo hadi Highland Park. Mwaka 1913 mambo yaligeuzwa: gari likatembea, mtu akasimama. Kuunganisha chesisi, kazi ya zaidi ya saa 12, kukashuka hadi dakika 93 hivi. Si mchezo! Lakini kukaza nati ileile kutwa, nani anataka? Watu waliacha kazi kwa wingi, hadi Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku. Wengi huuita ukarimu. Kumbe ulikuwa na masharti: wakaguzi wa kampuni walikuja hadi kwako kuangalia kama unalewa, kama unaweka akiba.

Haya, Dearborn. Ndani kuna basi la Rosa Parks la 1955, na unaruhusiwa kuketi. Keti. Halafu kumbuka kiwanda cha Rouge, hapo karibu: 7 Machi 1932, wasio na ajira waliandamana hadi langoni, wakapigwa risasi. Watano walikufa. Wanne wamezikwa makaburi ya Woodmere. Wa tano, Curtis Williams, alikuwa Mweusi. Alikataliwa kaburi huko.