Sukari Iliyonasa: Mzozo wa Miaka 48 Ndani ya Ute wa Yai

Mwaka 1965, David Phillips na wenzake wa Royal Institution, London, walitangaza umbo la lisozaimu ya ute wa yai la kuku, kimeng'enya cha kwanza kuchorwa kwa eksirei. Phillips alieleza kuwa kinapokata minyororo ya sukari kwenye kuta za bakteria, sukari hubaki na chaji chanya, ikishikiliwa na mvuto tu wa asidi amino nambari 52, hadi maji yaimalizie. Maelezo hayo yalikaa katika vitabu vya kiada kwa miongo kadhaa. Lakini tangu 1953 Mmarekani Daniel Koshland alikuwa na hoja nyingine. Vimeng'enya vya aina hii huitoa sukari ikielekea upande uleule ilioingia nao. Na kwa kuwa kila shambulio la kutoka nyuma huipindua kaboni, ni lazima ipinduliwe mara mbili. Basi katikati, sukari na kimeng'enya huwa vimeungana kwa bondi kovalenti.

Mzozo huu, kwa maoni yangu, ulimalizwa zaidi na vizuizi, yaani molekuli zilizoundwa kukikwamisha kimeng'enya, kuliko ulivyomalizwa na picha. Muungano wa Koshland huvunjika upesi mno kuonekana. Mwaka 1987 Stephen Withers na wenzake, Vancouver, walitumia sukari yenye florini kwenye kaboni ya pili. Florini huvuta elektroni, hivyo hatua zote mbili, kuungana na kuachana, hupungua kasi. Kisha (na hapa ndipo penye ufundi hasa) wakaweka kwenye kaboni ya kwanza kipande kinachong'oka kwa urahisi. Kuungana kukawahi, kuachana kukachelewa, kimeng'enya kikanasa.

Mpinzani atasema sukari ya florini si ya asili, kwa hiyo muungano wake ni wa kutengenezwa. Hoja ni nzito, ila kimeng'enya kilichonaswa hufufuka polepole, na hufufuka haraka zaidi kikipewa sukari nyingine ya kuipokea ile iliyonasa. Kitu kilichopotea njia kisingefika mwisho wa safari. Mwaka 2001, Withers, Gideon Davies na wenzao walitumia sukari ya florini, wakabadilisha pia asidi amino nambari 35 ya lisozaimu, wakapata picha ya sukari iliyoshikamana na nambari 52. Picha hiyo ilipatikana kwa sababu kizuizi kilikuwa kimeusimamisha mwendo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kizuizi huweza kudanganya, na kweli kimewahi. Mwaka 1986, epoksidi, kizuizi cha aina nyingine, iliyotumiwa kwenye kimeng'enya kinachopungua kwa wenye ugonjwa wa Gaucher ilijibandika kwenye asidi amino nambari 443, ikadhaniwa ndiyo inayofanya kazi. Mwaka 1994 sukari ya florini ilionyesha kuwa ni nambari 340. Tofauti ya vizuizi hivi viwili ni kwamba epoksidi hushika chochote kilicho karibu na chenye uwezo wa kuishambulia, ilhali sukari ya florini haishiki mpaka kimeng'enya chenyewe kianze kuikata.