Mshindi Asiyetarajiwa

Mara nyingi, ewe msomaji, tumesikia ya kuwa viumbe wanaposhindania chakula na mahali pa kukaa, mwenye nguvu hubaki na mnyonge hutoweka. Je, daima ndivyo mambo yalivyo? Sikiliza habari za inzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi.

Theodosius Dobzhansky alizaliwa mwaka 1900 katika nchi iitwayo leo Ukraini, akahamia Marekani mwaka 1927. Huko aliwatega inzi hao katika mlima wa San Jacinto, California. Kwa hadubini aliona kuwa kromosomu zao, yaani nyuzi zichukuazo urithi wa wazazi, zilikuwa na miundo mbalimbali. Muundo mmoja uliitwa Standard, mwingine Chiricahua. Ajabu ni kwamba wingi wa kila muundo ulipanda na kushuka kwa kufuata majira ya mwaka.

Ili apate kujua sababu, aliwafungia inzi wa miundo yote miwili katika sanduku, akawapa chakula, akawaacha washindane vizazi kwa vizazi. Katika joto la digrii 25, Standard iliongezeka upesi. Lau ungalikuwapo, ungalisema, "Chiricahua imekwisha!" Lakini Standard ilipofikia karibu 70 katika kila kromosomu 100, ilisimama hapo.

Mwaka 1946 Dobzhansky na mwenzake Sewall Wright walieleza fumbo hilo. Mshindi hakuwa Standard wala Chiricahua, bali chotara, aliyerithi muundo mmoja kwa mama na mwingine kwa baba. Huyo aliwapita wote kwa kuishi na kuzaa. Na kwa kuwa alichukua miundo yote miwili, alipostawi yeye, hakuna hata mmoja uliotoweka.

Walakini usifanye haraka kusema ya kuwa kila mchanganyiko huleta nguvu. Mwaka 1950 Dobzhansky alionyesha kwamba kromosomu za inzi wa mahali palipo mbalimbali zilipokutanishwa, faida ile haikuonekana. Zile za mahali pamoja zilikuwa zimezoeana tangu vizazi vingi, mithili ya wapiga ngoma wa kijiji kimoja.

Basi kumbuka, msomaji: anayeelekea kushindwa leo huenda ndiye anayempa mshindi nusu ya nguvu zake.