Nani Humchagua Kocha wa Leopards?

Tangu penalti ya Chancel Mbemba iitoe Nigeria katika mbio za kufuzu Kombe la Dunia mjini Rabat usiku wa tarehe 16 Novemba 2025, jina la Sébastien Desabre limekuwa tamu midomoni mwa Wakongomani, kutoka Kinshasa hadi huku kwetu Baraka. Siku tatu kabla yake, Mbemba huyohuyo alikuwa ameizima Kamerun katika dakika za nyongeza. Wanaomsifu leo huenda wamesahau kwamba Juni 2019, mjini Cairo, Mfaransa huyu alikaa kwenye benchi la wapinzani: aliiongoza Uganda kuichapa Kongo 2-0 katika mechi yao ya kwanza ya Kombe la Afrika. Kongo ilimwajiri Agosti 2022.

Sifa hizo zinafufua swali la zamani. Kocha wa timu ya taifa anachaguliwa na nani hasa? Shirikisho la soka, FECOFA, lipo na lina ofisi. Lakini mshahara wa kocha hutoka serikalini, na mwenye kulipa ndiye mwenye kauli. Ukitaka kuona jambo hilo lilivyoweza kuiumiza timu, rudi mwaka 1974.

Hatua za kwanza kuelekea huko zinajulikana. Baada ya uhuru, Léon Mokuna, Mkongomani aliyecheza Sporting ya Ureno katika miaka ya 1950, alipewa timu kwa muda. Mobutu alipochukua nchi, aliwarudisha nyumbani wachezaji waliokuwa Ubelgiji, timu ikaitwa Leopards, na kocha akatafutwa Hungary. Huyo alikuwa Ferenc Csanádi. Mwaka 1968, mjini Addis Ababa, bao la Kalala Mukendi liliilaza Ghana 1-0 na Kombe la Afrika likaja Kinshasa.

Kisha akaja Blagoje Vidinić, golikipa wa zamani wa Yugoslavia aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960. Alikuwa ameipeleka Morocco kwenye Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico, na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikamtaka aifanyie hivyohivyo. Alifanya. Desemba 1973 Zaire iliifunga Morocco, waajiri wake wa zamani, 3-0 mjini Kinshasa. Wamorocco wakalalamikia uamuzi wa refa, wakakataa kucheza marudiano. Machi 1974 Leopards walibeba Kombe la Afrika nchini Misri baada ya kurudiana fainali na Zambia. Ndaye Mulamba alipachika mabao 9 katika mashindano hayo, na hadi leo hakuna aliyeyafikia. Mobutu akawazawadia wachezaji nyumba na magari. Hakuna timu yoyote ya kusini mwa Sahara iliyokuwa imewahi kufika Kombe la Dunia kabla yao.

Mengi ya yaliyotokea kwenye Kombe hilo la Dunia, Ujerumani, tunayajua kwa sababu beki Mwepu Ilunga, aliyefariki mwaka 2015, hakuchoka kuyasimulia kwa waandishi wa kigeni. Kwa maelezo yake, mechi ya kwanza dhidi ya Scotland, waliyopoteza 2-0 mjini Dortmund, ilichezwa kwa moyo. Baada yake wachezaji wakagundua kwamba posho zao zimeliwa na wakubwa waliosafiri na timu. Wakatishia kugoma. Walishawishiwa kuingia uwanjani, lakini miguu iliyoingia haikuwa ileile.

Mechi iliyofuata, tarehe 18 Juni mjini Gelsenkirchen, ilikuwa dhidi ya Yugoslavia, nchi ya kocha mwenyewe.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kabla ya dakika ya 20 ubao ulisoma 3-0. Mara golikipa Kazadi Mwamba, shujaa wa TP Mazembe, akaitwa nje, na mahali pake akaingia Tubilandu Ndimbi wa Vita Club, mtu mfupi kuliko Kazadi. Mpira wa kwanza aliougusa ni ule alioutoa wavuni, bao la nne. Katika vurugu za bao hilo mtu mmoja alimpiga refa teke kwa nyuma. Mwepu alikiri baadaye kwamba ni yeye. Refa akamtoa Ndaye, ambaye hakuwa na kosa. Kufikia mapumziko mabao yalikuwa 6, na mwisho wa mechi 9-0.

Maneno yakaenea kama moto wa kiangazi: mzungu ameiuza timu kwa ndugu zake. Ilikuwa rahisi kuamini. Nani amtoe golikipa wake bora dakika ya 21, tena asiyeumia? Vidinić alieleza baadaye kwamba amri haikuwa yake: afisa wa wizara ya michezo ndiye aliyemwambia amtoe Kazadi. Katika mechi iliyofuata, dhidi ya Brazil, alimrudisha Kazadi golini. Kwa simulizi ya Mwepu, kabla ya mechi hiyo walinzi wa rais walifika hotelini na onyo: mkifungwa mabao manne, msirudi nyumbani. Brazil ilishinda 3-0.

Kwa hiyo kocha aliyechaguliwa kwa sifa zake zote alinyang'anywa kazi yake katikati ya mechi, mbele ya ulimwengu. Lawama alibebeshwa yeye. Afisa hakuulizwa kitu. Vidinić aliondoka, akaenda kuifundisha Colombia. Mwaka 1976 Leopards walitolewa katika hatua ya makundi ya Kombe la Afrika, na Mobutu akapoteza hamu ya mpira.

Miaka iliyofuata ilipita na makocha wengi, wengine wakikaa miezi tu. Wageni walipewa nafasi mara kwa mara: Claude Le Roy vipindi viwili, Patrice Neveu, Robert Nouzaret, na mwaka 2021 Héctor Cúper, aliyewahi kuifikisha Valencia katika fainali mbili za Ulaya lakini akafungwa na Gabon na Sudan kabla ya kufukuzwa. Desabre alimrithi na kuifikisha timu nafasi ya nne ya Kombe la Afrika mwaka 2024, mashindano ambayo kabla ya nusu fainali wachezaji walifunika midomo kwa mkono kulalamikia ukimya juu ya vita vya huku kwetu mashariki.

Ila angalia medali. Tangu 1974, nafasi ya tatu ya Kombe la Afrika ya mwaka 1998 ililetwa na Louis Watunda. Kombe la CHAN la 2009, la wachezaji wa ligi za ndani, lililetwa na Santos Muntubile. Nafasi ya tatu ya 2015 na CHAN ya 2016 zote ni za Florent Ibenge. Watatu hao ni Wakongomani.

Ibenge alijiuzulu mwaka 2019. Mwaka 2022 aliipa RS Berkane ya Morocco Kombe la Shirikisho la Afrika, akaenda Al-Hilal ya Sudan, na mwaka 2025 akaajiriwa na Azam ya Dar es Salaam, nchi tunayotazamana nayo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Msaidizi wake wa zamani katika Leopards, Mwinyi Zahera, alikuwa ameshaifundisha Yanga. Siku mkataba wa Desabre utakapokwisha, wizara itakayoketi kutafuta mrithi haitakuwa na haja ya kuanzia Paris.