Kutoka Sengu hadi Selo: Haki ya Jinai Umatengo na Mwambao wa Nyasa

Kabla Mjerumani hajajenga boma Songea, milima ya Umatengo haikuwa na jela. Ukoo uliishi kwenye ntambo wake, mgongo wa mlima uliokumbatiwa na vijito, na wanaume walikutana kula pamoja kwenye sengu. Chakula kililetwa kutoka kila nyumba. Wakishakula, wazee walisikiliza mashauri: mpaka wa shamba la ngoro (mashimo ya kilimo), mifugo iliyoingia kwenye mazao, kijana aliyempiga mwenzake. Aliyekosa alilipa, kisha ilimbidi aendelee kula pale pale na yule aliyemkosea. Adhabu haikumwondoa mtu machoni pa jamaa zake.

Tusiipake enzi ile sukari. Kuzunguka Ziwa Nyasa, mshukiwa wa uchawi alinyweshwa sumu ya mwavi: akitapika amepona, akifa ndiyo hatia yake. Na biashara ya watumwa ilipopamba moto katika karne ya 19, kulikuwa na mashauri yaliyoishia kwa mkosaji kuuzwa. Walio dhaifu, wasio na ndugu wa kuwalipia, ndio walioumia zaidi. Hata hivyo, wazo la kumfungia mtu ndani kwa miaka halikutoka milimani wala ziwani. Lilikuja na bunduki.

Mwaka 1902 Wamatengo walipigana na Wajerumani kwenye majabali ya Litembo, wakashindwa. Miaka michache baadaye vikaja Vita vya Maji Maji. Tarehe 27 Februari 1906, viongozi wa Wangoni zaidi ya 60, akiwemo Nkosi (mfalme) Mputa Gama, walinyongwa Songea baada ya hukumu ya kijeshi. Wengi walibatizwa na padri Mbenediktini kabla ya kupelekwa kwenye kitanzi. Nduna (chifu mdogo) Songea Mbano alinyongwa baada yao, na ukoo wake hadi leo unadai fuvu lake linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea Novemba 2023 akaomba msamaha. Miaka 117 ilikuwa imepita.

Nayakazia haya kwa sababu gereza letu lilizaliwa humo. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1896 iliruhusu viboko 25 kwa mara moja, ile hamsa ishirini ambayo wazee waliisimulia kwa vizazi. Wafungwa walifungwa mnyororo mmoja shingoni, wakachimba barabara na kubeba mizigo ya serikali. Kulikuwa na vita vya kumaliza na kazi ya kufanywa. Kumrekebisha mtu hakukuwa hoja. Mwingereza alipokuja alipanga mambo kwa utaratibu zaidi: mabaraza ya machifu yakapewa sheria yake mwaka 1929, na mwaka 1931 Magereza yakatenganishwa na Polisi. Lakini mtu aliyeshindwa kulipa kodi bado alijikuta lupango.

Uhuru haukuubomoa urithi huo. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya vifungo vya chini: mwizi au mla rushwa alipata miaka isiyopungua miwili na viboko 24, nusu yake siku ya kuingia na nusu siku ya kutoka. Taifa lililoimba utu lilikuwa limekishika kiboko kile kile. Huku kwetu mfungwa akapewa jembe, na Gereza la Kitai, kwenye njia ya Songea na Mbinga, likajulikana kwa mashamba yake.

Haki za binadamu ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984, na kuanzia 1988 mwananchi akaweza kuzidai mahakamani. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini ikaiacha iendelee. Tangu 1994 hakuna aliyenyongwa nchini. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikasema kumlazimisha jaji kutoa hukumu hiyo ni kuvunja haki ya kuishi.

Mabadiliko mengine yamekuja taratibu. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamruhusu hakimu ampe mtu mwenye kosa dogo kazi ya bure kijijini, badala ya kifungo. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, nayo ikachunguza mnyororo mzima kuanzia polisi hadi magereza.

Lakini tazama kesi ya mauaji inavyokwenda. Mtuhumiwa wa Liuli au Lituhi, mwambaoni mwa Nyasa, hana dhamana, na shauri lake husikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo kwa eneo letu iko Songea. Kabla ya hapo hupandishwa kizimbani tarehe baada ya tarehe, akisikia sentensi moja: upelelezi haujakamilika. Mkewe anauza dagaa apate nauli ya kumfuata. Sheria inamhesabu kuwa hana hatia, naye analala selo na waliokwisha kuhukumiwa.

Kupunguza msongamano magerezani kwa misamaha ya sikukuu kunawafariji waliotoka, ila hakugusi mlango wanaoingilia wapya. Kwa kosa dogo, wilaya za Mbinga na Nyasa zina watu waliokulia kwenye desturi ya kumfanya mkosaji alipe, na zina sheria ya 2002 inayowaunga mkono. Mahakama za mwanzo ziitumie kama kawaida, na maofisa wa kusimamia adhabu hizo wafike hadi vijiji vya ziwani. Kwa kosa kubwa, Serikali ibanwe kwa muda: iwe na siku ya mwisho ya kukamilisha upelelezi, na siku hiyo ikipita, mtu apewe dhamana.