Kulitetea Neno "Kadirio"

Katika orodha ya istilahi za tiba ya masikio iliyotungwa na jopo ambalo sina haja ya kulitaja, nimekuta kwamba hesabu anayofanyiwa mgonjwa kabla ya kutiwa kipandikizi cha kusikia kwa njia ya mfupa, ili ijulikane atasikia kwa kiasi gani baadaye, imepewa jina la "utabiri wa matokeo ya usikivu". Na kwa kuwa barua niliyowapelekea waheshimiwa hao ilijibiwa kwa ufupi usiolingana na uzito wa jambo lenyewe, naona ni wajibu wangu kuileta hoja hadharani.

Tabiri asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuvuka, ambao baadaye ulitumika kwa kufasiri ndoto; na mwenye kuisoma Sura ya Yusuf ataukuta pale mfalme anapowataka wakuu wake waifasiri ruya yake. Bashiri, linaloshikiliwa na mwandishi mmoja kwa kujiamini kwingi, lina ila kubwa zaidi, maana katika sura iyo hiyo bashiri ni mleta habari za furaha, aliyeitupa kanzu ya Yusuf usoni pa Yaakub na nuru ya macho ikamrejea mzee yule: je, ni haki tabibu kutoa bishara kabla ya kisu? Ama kuagua, ingawa ni lafudhi yetu ya Kibantu nami naipenda, bado imo mikononi mwa wapiga ramli.

Kadiri, kwa upande wake, limetoka katika kipimo na kiasi, na kupima ndiyo kazi yenyewe. Tangu Anders Tjellström na wenzake wa Gothenburg, Uswidi, walipowatia wagonjwa wa kwanza skrubu ya titani nyuma ya sikio mwaka 1977, kwa kuufuata ugunduzi wa Per-Ingvar Brånemark kwamba mfupa hushikamana na madini hayo, suala kuu limekuwa nguvu iliyobaki katika sikio la ndani, kwa kuwa sauti ipitayo mfupani huliepuka sikio la kati pamoja na kiwambo chake kilichotoboka. Nguvu hiyo hupimwa kwa desibeli, katika masafa ya hezi 500, 1000, 2000 na 3000, kisha wastani hutolewa. Nayo majaribio ya kifaa kilichofungwa kwa ukanda kichwani husomwa kwa hadhari, maana ngozi huidhoofisha sauti, hasa ile nyembamba, kabla haijaufikia mfupa. Jibu la hesabu yote hii lina mpaka wa chini na mpaka wa juu, na neno lisilobeba mipaka hiyo humdhulumu mgonjwa.

Nimeambiwa kwamba makadirio ni neno la hazina na bajeti. Sawa, bali hazina nayo hupima kwa yale iliyonayo, na umoja wake, kadirio, umekaa bila kazi ukingoja kila mgonjwa apewe lake.

Katika matumizi, iandikwe "kadirio la usikivu", kisha mipaka miwili kwa desibeli. Nawasihi wanaofasiri fomu za ridhaa za hospitali walitumie hivyo tangu sasa, wala wasingoje idhini ya jopo.